Wapangaji wa Tumboni

Goba ni mahali penye vilima, pembeni mwa jiji la Dar es Salaam. Zamani palikuwa na mashamba na vichaka. Siku hizi pamejaa nyumba, na wengi wa wakaao huko wametoka mikoa ya mbali, kila mmoja na mapishi ya kwao. Lakini mtoto wa Goba akipewa fedha kidogo, hanunui maharage wala ndizi za kupika. Hununua chipsi na soda. Tumbo lake hujaa. Lakini wamo wengine tumboni humo waliobaki na njaa.

Hao ni vijidudu viitwavyo bakteria, ambavyo jicho haliwezi kuviona ila kwa hadubini. Vingi hukaa katika utumbo mpana. Wataalamu hukadiria kwamba hesabu yake yakaribia hesabu ya chembe zote za mwili wa mtu. Watu wakisikia neno vijidudu hukumbuka kipindupindu, na ni kweli kwamba viovu vipo, ndiyo maana mikono hunawishwa. Lakini vilivyo vingi ni kama wapangaji wema, nao hulipa kodi.

Kodi yenyewe ni hii. Katika mboga, maharage na nafaka isiyokobolewa mna nyuzinyuzi ambazo tumbo la mtu haliwezi kuziyeyusha. Hushuka mpaka utumbo mpana, na huko vijidudu huzichachusha, kama togwa ichachavyo chunguni. Katika kuchacha huko hupatikana asidi ambazo hulisha ngozi ya ndani ya utumbo, tena huwatuliza askari wa mwili.

Askari hao ni chembe nyeupe za damu. Wengi wamepiga kambi kandokando ya matumbo, kwa sababu vitu vigeni hupita hapo kila siku. Mwiba ukikuchoma mguuni, askari hukimbilia pale. Pakavimba, pakawa pekundu na pa moto. Moto huo ni mwema ukiwaka siku chache. Ukiwaka polepole mwili mzima, mwaka nenda mwaka rudi, huharibu mishipa ya damu na moyo, na huweza kusaidia kuleta kisukari. Basi askari hawana budi kujua nani adui na nani mwenyeji, na sehemu ya elimu hiyo huipata kwa vijidudu vya tumboni tangu utoto. Panya waliolelewa pasipo kijidudu hata kimoja, jeshi lao huwa hafifu.

Chakula kikibadilika, wapangaji nao hubadilika. Wahadzabe wa karibu na ziwa Eyasi hula nyama zaidi wakati wa kiangazi, na asali na matunda zaidi wakati wa mvua. Mwaka 2017 wataalamu walieleza kwamba aina nyingine za vijidudu vyao hupungua msimu mmoja, zikarudi msimu mwingine.

Je, na askari hubadilika? Jambo hilo lilijaribiwa huko Kilimanjaro, na habari zake zilitolewa mwaka 2025. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Wengine, waliozoea chakula cha jadi, walipewa chakula cha kizungu kwa majuma mawili: mkate mweupe, viazi vya kukaanga na mfano wa hivyo. Wengine, waliozoea hicho cha kizungu, walipewa cha jadi. Kundi la tatu walikunywa mbege kwa juma moja, kile kinywaji cha Wachaga cha ndizi na ulezi (kina kileo, wala si cha watoto). Wachache waliachwa na chakula chao cha kila siku, wapate kuwa kipimo.

Majuma mawili si muda mrefu, lakini yalitosha. Waliohamia chakula cha kizungu, damu yao ilionyesha kwamba moto umezidi, na askari wao walikuwa wazito kuvikabili vijidudu vya ugonjwa. Waliorudia chakula cha jadi, pamoja na wanywaji wa mbege, moto wao ulipungua. Walipopimwa tena baada ya majuma manne, baadhi ya mabadiliko yalikuwa yangalipo.

Na chakula hicho cha jadi hakikuwa na ajabu yo yote: mboga za majani, matunda, maharage, nafaka nzima na vitu vilivyochachushwa. Vingi vya hivyo huuzwa Goba kila asubuhi kando ya barabara, hatua chache tu kutoka kwa muuza chipsi.