"Ni uzee tu": usilikubali jibu hili haraka

Mama yako mzee ameanza ghafla kuweweseka, umemkimbiza hospitalini, na unaambiwa, "Huo ni uzee tu." Uzee hauji kwa siku moja. Nimonia, maambukizi ya mkojo, kukaukiwa maji au sukari kushuka vinaweza kumchanganya mzee, na wakati mwingine hata homa hana. Mweleze muuguzi: "Juzi alikuwa anatutambua, anajipikia chai." Maneno hayo hutusaidia kuliko unavyodhani. Uliza atapimwa nini, na uombe jibu liandikwe kwenye faili.

Hapa Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu kwa umri wake. Kumnyima kipimo kwa sababu tu ameshakula chumvi nyingi ni ubaguzi. Lakini daktari akikaa na familia na kueleza kwamba upasuaji utamuumiza zaidi ya kumsaidia, huo si ubaguzi.

Familia ikishtaki kwa uzembe, lazima ionyeshe kwamba huduma ilikuwa chini ya kiwango na kwamba hilo ndilo lililomdhuru mgonjwa. Kwa hiyo ombeni nakala ya faili, na muandike tarehe, saa na nani aliwahudumia. Akifariki nanyi mna shaka, ombeni maiti ichunguzwe kabla ya mazishi, hata kama wazee wa ukoo wana haraka.

Malalamiko kuhusu daktari au hospitali hupelekwa KMPDC. Ya muuguzi, Baraza la Wauguzi. Kesi ya uzembe kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3, lakini dhidi ya serikali muda ni miezi 12. Mwoneni wakili mapema.