Ramani ya kale husomwaje na kompyuta?

Ramani ya dunia ya mtawa Fra Mauro, iliyochorwa Venice, Italia, yapata mwaka 1450, ina maandishi karibu 3,000. Tukiipiga picha tu, hatuwezi kutafuta neno lolote ndani yake. Ndiyo maana kila andiko hujaziwa jedwali: mahali lilipo, maneno yenyewe, lugha na tafsiri. Merikebu na bustani ya Edeni iliyochorwa nje ya duara nazo huorodheshwa.

Hatari iko kwenye tafsiri. Karibu na ncha ya kusini ya Afrika pameandikwa "Diab". Tukijaza "Rasi ya Tumaini Jema" badala yake, tumefuta neno la Fra Mauro na kuweka dhana yetu. Neno lake na maelezo yetu yakae safu mbili tofauti.