Grini kadi haizuii SSI kukatwa

"Mimi nina grini kadi. Mbona wamenikatia SSI?"

Nimeulizwa swali hili kwa simu, kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kanisani baada ya ibada, hata kwenye foleni ya duka la nyama. Nikikawia kujibu, muulizaji huongeza nguvu: "Na si ya muda, mtaalamu. Ni ile ya miaka kumi." Sasa naandika, ili atakayeniuliza tena nimpe ukurasa huu asome mwenyewe.

Umekatiwa SSI, yaani fedha ya kila mwezi ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, kwa sababu uliingia Marekani kama mkimbizi, miaka saba imetimia, na hujawa raia. Grini kadi haimo katika hesabu hiyo. Hata ungekuwa nazo tatu.

Mwaka huu swali limezidi, na sababu yake ni kalenda tu. Walioingia 2019 wanatimiza miaka saba 2026, na katika wakimbizi waliopokewa Marekani mwaka ule Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote. Watu wa kambi za Nyarugusu, Nakivale na Kakuma walioshuka ndege pamoja sasa wanapokea barua za Social Security, ofisi inayolipa SSI, pamoja. Kwa nyumba yenye mama asiyeona au kijana asiyeweza kukaa bila kushikiliwa, barua hiyo inaondoa hadi dola 994 kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya nyumba.

Niwajibu kwanza wanaosema haya ni mambo ya rais wa sasa. Sheria iliyowafungia wasio raia mlango wa SSI ilitiwa saini na Bill Clinton tarehe 22 Agosti 1996. Wakimbizi waliachiwa muda wa miaka mitano, na mwaka 1997 Bunge likaufanya saba. Mwaka 2008 likaongeza miaka miwili ya nafuu kwa wazee na walemavu, lakini nyongeza hiyo ilikoma tarehe 30 Septemba 2011 na haijarudishwa. Kwa hiyo aliyekukatia hakukuonea chuki. Kompyuta imesoma tarehe. Ukimpigia kelele karani wa dirishani utapoteza nauli, maana hana mamlaka ya kuongeza hata wiki moja.

Sasa turudi kwenye grini kadi, maana imani hii haifi kirahisi. Naijua mizizi yake.

Mzizi wa kwanza ni jirani. "Mbona mzee fulani ana grini kadi tu, na analipwa mpaka leo?" Muulize mzee aliingia lini. Aliyekuwa akiishi hapa kihalali tarehe ile ya 22 Agosti 1996, kisha akapata ulemavu, ana mlango wake katika sheria. Wewe uliyekuwa bado Uvira kule Kongo mwaka huo, au hujazaliwa, mlango huo si wako. Kesi ya jirani ni ya jirani.

Mzizi wa pili ni mpya na unanisumbua zaidi, kwa sababu una ukweli ndani yake. Julai 2025 ilipitishwa sheria iliyowatoa wakimbizi wasio na grini kadi kwenye msaada wa chakula wa SNAP, na kuanzia Oktoba 2026 Medicaid, bima ya matibabu, nayo itafuata mkondo huo. Mashirika yakatangaza kila mahali: ombeni grini kadi haraka, msaada usikatike. Tangazo lilikuwa sahihi kabisa kuhusu chakula na matibabu. Watu wakalichukua wakaliweka kwenye SSI. Nasisitiza: kwa SNAP grini kadi inafungua mlango, kwa SSI haiongezi hata siku moja. Ni sheria mbili, zinazosimamiwa na ofisi mbili. Iombe grini kadi, tena upesi, lakini usiipe kazi isiyo yake.

Mzizi wa tatu ni hesabu inayoanzia pasipo pake. Wengine huhesabu tangu fedha ya kwanza ya SSI ilipoingia benki. Wengine tangu grini kadi ilipofika kwa posta. Nimemsikia hata aliyehesabu tangu alipohamia jimbo jipya. Hesabu ni moja: kwa mkimbizi, tangu siku aliyoingia nchini kama mkimbizi, iliyoandikwa kwenye I-94 yake, hati ya kuingia nchini; kwa aliyeombea hifadhi hapa hapa, tangu siku aliyokubaliwa. Ukiomba SSI mwaka wa nne, umebakiza mitatu. Ukipata ulemavu mwaka wa sita, umebakiza mmoja. Kuhamia Kentucky kutoka Texas hakubadilishi kitu, kwa kuwa SSI ni ya serikali kuu.

Na penye imani ya namna hii hapakosi mganga. Kila mji wenye watu wetu una mtu "anayefungua SSI." Hana leseni ya uwakili, hana kibali cha Wizara ya Sheria cha kuwakilisha wahamiaji, ana printa. Dawa yake ya kwanza ni kukujazia ombi la kufanya upya grini kadi ambayo bado haijaisha muda. Dawa ya pili ni ombi jipya la SSI lenye maelezo yale yale, litakalokataliwa kwa sababu ile ile. Dawa ya tatu ni barua ndefu kwa mbunge. Mbunge anaweza kuuliza faili limefika wapi, lakini sheria ya 1996 haiondoi peke yake. Hasara kubwa si ada unayomlipa mtu huyu. Ni miezi inayopita ukisubiri dawa yake ifanye kazi, wakati ombi la uraia halijatumwa.

Wajuaji zaidi huja na hoja ya robo mwaka 40: mwenye grini kadi aliyefanyia kazi robo 40 hupata SSI bila uraia. Ni kweli, ipo kwenye sheria. Lakini tuhesabu. Mwaka una robo nne, kwa hiyo miaka saba ya mtu mmoja haizidi robo 28. Sheria inaruhusu kujumlisha robo za mume au mke za wakati wa ndoa, na kwa mtoto, robo za baba na mama kabla hajafika miaka 18. Kwa hiyo mtoto mlemavu ambaye wazazi wote wawili wamefanya kazi tangu mwanzo anaweza kufikisha 40. Tatizo ni kwamba robo ambayo mfanyakazi huyo mwenyewe alipokea msaada wa serikali kuu unaopimwa kwa kipato, kama SNAP au Medicaid, haihesabiwi. Familia ngapi za wakimbizi zilipita miaka ya kwanza bila SNAP? Ulizia robo zako Social Security, ni bure, lakini usijenge mpango juu yake.

Kinachobaki ni uraia, na habari njema ni kwamba muda unatosha kwa anayejua kuhesabu. Mkimbizi akipewa grini kadi, ukazi wake huhesabiwa kurudi nyuma hadi siku aliyoingia. Ombi la uraia, fomu N-400, hupokelewa siku 90 kabla ya kutimiza miaka mitano. Maana yake, ukifika mwaka wa nne na miezi tisa unaweza kutuma. Kutoka hapo hadi miaka saba una miaka miwili na miezi mitatu. Wanaokwama si kwamba walinyimwa muda. Waliutumia wakiambiana kwamba grini kadi inatosha.

"Lakini mama hajui Kiingereza, hajui kusoma, na ana miaka 68." Hapa naomba utulivu, maana ndipo makosa yanapogharimu zaidi. Ipo nafuu ya umri: aliyetimiza miaka 50 akiwa na ukazi wa miaka 20, au miaka 55 akiwa na ukazi wa miaka 15, husamehewa Kiingereza na hufanya mtihani wa uraia kwa lugha yake. Soma tena hiyo miaka ya ukazi. Anayepoteza SSI katika mwaka wa saba hana 15. Kumwambia asubiri nafuu ya umri ni kumwambia akae miaka minane bila kipato.

Nafuu inayomfaa mlemavu ni fomu N-648. Inajazwa na daktari au mwanasaikolojia wa tiba mwenye leseni, na ikikubaliwa inasamehe Kiingereza na mtihani wa uraia. Nyingi hukataliwa kwa sababu moja. Daktari anaandika "ana kisukari, presha na maumivu ya mgongo," anatia saini, basi. Ofisa wa USCIS, idara ya uhamiaji, hatafuti orodha ya magonjwa. Anatafuta maelezo ya jinsi ugonjwa huo unavyomzuia mtu huyu kujifunza au kukumbuka, na kwamba hali hiyo imedumu au itadumu miezi 12 au zaidi. Mgongo hauzuii kukumbuka. Kiharusi kilichoharibu kumbukumbu kinazuia. Ulemavu wa akili wa kuzaliwa unazuia. Msongo mzito wa akili uliotokana na vita, usioruhusu usingizi wala umakini, unaweza kuzuia, lakini lazima daktari aeleze kwa njia gani. Uzee peke yake hautoshi. Kutokujua kusoma peke yake hakutoshi. Na usimzungushe mama kwa madaktari watatu ukikusanya fomu tatu zinazopingana: tangu Juni 2025 maofisa wameagizwa kuzikagua kwa ukali zaidi, na fomu nyingi za mtu mmoja huamsha shaka. Nenda kwa daktari anayemtibu siku zote, mpeleke na mkalimani asiye mtoto wa nyumbani, na fomu isainiwe ndani ya siku 180 kabla ya kutuma N-400.

Sasa mambo ya kufanya, haraka haraka.

Kama hujatimiza miaka saba: tafuta I-94, jumlisha miaka minne na miezi tisa, andika tarehe hiyo ukutani. Ada ya N-400 ni dola 710 kwa mtandao na 760 kwa karatasi, lakini anayepokea SSI anaweza kuomba asamehewe kwa fomu I-912. Iombe ukiwa bado unapokea, maana barua ya SSI ndiyo ushahidi wako. Anayefanya mtihani ajue kwamba walioomba kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 huulizwa maswali 20 na hupaswa kupata 12. Vitabu vya maswali 10 vimepitwa. Asiyeweza kuelewa kiapo cha uraia anaweza kusamehewa, na mlezi au ndugu wa karibu akamwombea.

Kama mlemavu ni mtoto: mzazi mmoja akiwa raia, mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye grini kadi anayeishi naye na kulelewa naye kisheria huwa raia papo hapo. Mchukulie pasipoti, ipeleke Social Security. Mwenye mtoto wa miaka 17 aache kusoma hapa, ashughulike. Akishatimiza 18 njia hiyo imefungwa.

Warundi, na yeyote aliyezaliwa au mwenye uraia wa nchi yenye vizuizi vya kuingia Marekani: Burundi iliwekwa kwenye orodha Juni 2025, orodha ikapanuliwa Desemba, na USCIS ikasimamisha uamuzi wa maombi mengi ya watu wa nchi hizo. Congo iliyowekwa Juni ni ya Brazzaville, si ya Kinshasa. Nchi ya kuzaliwa nayo huangaliwa, kwa hiyo waliozaliwa kambini wasijisahau. Muone wakili kabla ya kutuma chochote.

Kama barua ya kukatwa imefika: kagua tarehe waliyotumia. Kama wamekosea, au umeshakuwa raia, kata rufaa. Una siku 60, lakini ukikata ndani ya siku 10 tangu kuipokea unaweza kuomba malipo yaendelee; ukishindwa, watayadai. Kama tarehe ni sahihi na huna uraia, rufaa haitakusaidia. Dai Medicaid ipimwe upya kivyake, maana kukatwa SSI si lazima kuiue. Walioko California waulizie CAPI, fedha ya jimbo kwa wahamiaji walio nje ya SSI. Ombi la uraia likiwa USCIS, omba kwa maandishi liharakishwe, uambatanishe barua ya kukatwa.

Tafuta msaada kwenye ofisi za sheria za bure au shirika la wakimbizi lenye mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Muulize akuonyeshe kibali. Akikasirika, toka.

Na uraia ukipatikana, nenda Social Security wiki hiyo hiyo na cheti mkononi. Malipo yakiwa yamesimama kwa chini ya miezi 12 mfululizo, faili lako bado li hai na yanaweza kurudishwa. Ikishapita 12, wanalifunga, unaanza ombi upya, na ulemavu wako unathibitishwa tena tangu mwanzo.