'Hayumo' si sawa na 'hajulikani'

Wiki hii ninanuia kuangazia maneno mawili ambayo wengi wetu huyachanganya: hayumo na hajulikani.

Kiambishi -mo hurejelea undani wa mahali. Ukisema 'jina lake halimo orodhani', maana yake ni kwamba orodha umeisoma yote ukalikosa. 'Haijulikani kama limo' ni kauli nyingine kabisa: bado kuna pembe ambayo hujaimulika.

Kule Garissa tofauti hii si ya darasani tu. Tangu kambi za Dadaab zianze mwaka wa 1991, wapo Wakenya wenye asili ya Kisomali waliosajiliwa kama wakimbizi, wengine wakiwa watoto, ili wapate chakula na matibabu. Walipotimu miaka 18 wakaenda kuomba vitambulisho, kumbe alama za vidole vyao zimo katika orodha ya wakimbizi! Wakanyimwa. Na bila kitambulisho, kupata kazi, akaunti ya benki au hata laini ya simu ni kibarua kigumu.

Hebu tuchukue mfano wa hifadhidata yenye majedwali mawili: la waombaji wa vitambulisho na la wakimbizi. Tunawataka waombaji wasiomo katika jedwali la pili. Waandishi wengi wa SQL hukimbilia NOT IN. Hapo ndipo penye mtego. Namba moja tu ikiachwa tupu katika jedwali la wakimbizi, ulizo hilo halirudishi mwombaji hata mmoja.

Mbona? Kwa sababu pengo hilo, ambalo SQL huliita NULL, si sifuri wala 'hamna'. Ni 'haijulikani'. Ni kana kwamba kompyuta inajiambia: huenda namba hii nisiyoijua ndiyo ya huyu mwombaji. Basi haithubutu kusema 'hayumo'.

NOT EXISTS huuliza vingine: je, upo mstari wowote unaolingana na huu? Usipopatikana, mwombaji huorodheshwa. Ukipatikana mmoja, hakuna haja ya kuendelea kutafuta. LEFT JOIN nayo huoanisha majedwali, kisha ukiongeza sharti la IS NULL hubaki wale waliokosa wenzao. Namba zinazolinganishwa zikiwekewa faharasa, kompyuta haipekui jedwali zima. Nani huanzia A katika kamusi ili kutafuta 'zulia'?

Hata hivyo, ulizo liwe safi namna gani, halivuki mpaka wa sarufi yake. 'Yumo' hutaja mahali; 'ni' hutaja hali. Mtoto aliyeandikishwa Dadaab kwa ajili ya kibaba cha unga yumo katika orodha ya wakimbizi, ila hilo pekee halithibitishi kuwa ni mkimbizi. Jedwali linajua nani yumo. Kwa nini yumo, sharti aulizwe mwenyewe, wazazi wake na wazee wanaomjua.