Ruta Ipi Inatosha kwa Printa, Kamera na Simu za Mezani?

Ofisi ikishakuwa na printa, kamera, simu za mezani za intaneti na simu za wageni kwenye mtandao mmoja, fundi huanza kukutajia vifaa vipya. Kabla hujatoa hela, jua unanunua nini.

DHCP ni huduma inayokipa anwani ya IP kila kifaa kinachojiunga. Pamoja na anwani hutoa maelekezo yaitwayo opsheni, kila moja na namba yake. Opsheni 3 hutaja lango la kutokea, na 6 hutaja seva ya DNS. Hizo kila kifaa huzihitaji. Opsheni 66 huielekeza simu ya mezani pa kuchukua mipangilio yake. Simu ya mkononi haina kazi nayo. Opsheni za namna hii ndizo zinazotofautisha bei.

Boksi la mtoa huduma. Huna cha kuongeza, kwa kuwa tayari unalo. Mara nyingi hukuruhusu kutengea kifaa anwani ya kudumu, lakini opsheni 66 kwa kawaida huikuti. Kama una printa, kamera na simu za mkononi tu, linatosha. Gharama iliyojificha: likibadilishwa, mipangilio yako huondoka nalo. Piga picha kurasa zake leo.

Kuweka kwa mkono. Simu za mezani tano zinaingizwa mipangilio mojamoja bila kununua chochote. Zikifika arobaini, malipo ya fundi kila seva inapobadilika yatakuumiza.

Ruta ya ofisi ndogo. Bei yake ni kubwa kuliko ya ruta ya nyumbani, ila inatumia umeme kidogo na haihitaji mtu wa kuilinda. Uliza mambo mawili: naweza kuongeza opsheni yoyote kwa namba? Naweza kuipa kundi moja la vifaa peke yake? Uliza pia kama kuna leseni ya kila mwaka. Ukitaka wageni wawe kwenye VLAN yao, yaani mtandao wao uliotengwa ndani ya vifaa vilevile, swichi na Wi-Fi lazima ziimudu VLAN. Swichi ya bei ya chini kabisa kwa kawaida haina mipangilio hiyo. Hesabu vyote kwa pamoja kabla ya kulipa.

Kompyuta ya zamani. Programu za dnsmasq na Kea ni za bure, na zinaweza kutambua aina ya kifaa kwa opsheni 60, ambayo kifaa chenyewe huituma, na kukipa maelekezo yake. Lakini kompyuta ya wati 60 ikiwaka mwezi mzima hula yuniti 43 za umeme. Kompyuta ndogo ya wati 5 hula chini ya yuniti 4. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa. Diski kuukuu ikifa, vifaa vinavyowashwa havipati anwani. Fundi akitaka kukuwekea programu ya zamani ya ISC DHCP, kataa: waundaji wake waliacha kuihudumia mwishoni mwa 2022. Na huduma ya DHCP ya boksi la zamani izimwe, maana wagawaji wawili wasiopatana huvuruga mtandao.

Usilipie kazi ya kusajili simu za wafanyakazi kwa anwani ya MAC, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao. Tangu Android 10 na iOS 14, simu kwa kawaida huonyesha MAC ya kubuni kwa kila Wi-Fi. Na ukiambiwa anwani zimekwisha, usikimbilie dukani. Mtandao wa kawaida una anwani 254. Punguza muda wa mgeni kushika anwani uwe saa mbili, na nyingi zitarudi bila gharama.

Kwa ufupi: huna simu za mezani, baki na boksi lako. Unazo chache, weka kwa mkono. Ni nyingi, nunua ruta ya ofisi ndogo. Kompyuta ya zamani ni ya mwenye fundi wa kudumu na umeme wa uhakika. Dukani, mwambie muuzaji aiwashe ruta akuonyeshe ukurasa wa opsheni; asipoweza, usilipe.