Juba hadi Nimule kwa baiskeli

Kutoka Juba hadi Nimule, mpakani na Uganda, ni kilomita 192. Abiria wa basi la Kampala huzimaliza asubuhi moja. Msafiri wa baiskeli aliyefunga hema na madumu ya maji kwenye keria yake anahitaji siku nzima akiwa na nguvu, na mara nyingi hulala njiani.

Anayejua jua la Juba huondoka gizani, saa kumi na moja alfajiri. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule nchini kote kwa sababu ya joto. Mwili unaokanyaga pedali saa saba mchana katika majira hayo humaliza lita ya maji kwa saa na bado ukadai nyingine. Basi mahesabu yote ya siku hufanywa kinyumenyume: ufike wapi kabla ya saa nne, ujifiche kivuli gani mpaka saa kumi, na nani atakupokea giza likiingia.

Ukivuka Nile Nyeupe kuelekea Gumbo, kamera ikae ndani ya begi. Kupiga picha Juba bila kibali kumewaingiza wengi matatani, na madaraja ndiyo mabaya zaidi, la zamani na hata lile Daraja la Uhuru lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa Mei 2022.

Hapo Gumbo ndipo unapokutana na mabingwa wenyewe. Wanakuja mjini wakati wewe unatoka, magunia ya makaa yamepangwa nyuma mpaka yanampita kichwa mwendeshaji, na kwenye mwinuko wanashuka na kusukuma. Baiskeli zao ni zile nzito za chuma, za Kihindi au za Kichina, zisizo na gia, na fundi yeyote chini ya mwembe huzitengeneza kwa nyundo na spana. Magazeti yetu humpa ukurasa mzima mgeni anayekatiza bara kwa baiskeli ya bei ya gari dogo. Huyu wa makaa hapewi hata mstari, naye hurudia safari yake wiki hadi wiki.

Wageni wa kusifiwa wapo kweli. Mpolandi Kazimierz Nowak alitoka Tripoli mwaka 1931, akateremka kwa bonde la Nile hadi Afrika Kusini, kisha akapanda tena mpaka Algiers mwaka 1936: kilomita zipatazo 40,000 kwa baiskeli, miguu, farasi, ngamia na mtumbwi. Mwaka uliofuata alifariki. Msafara wa Tour d'Afrique, ulioanza mwaka 2003 kutoka Cairo hadi Cape Town, ulichora njia yake kupitia Sudan, Ethiopia na Kenya, ukaiacha Juba pembeni. Hakuna wa kuwalaumu waandaaji wake.

Lami ya Juba hadi Nimule ilikamilika mwaka 2012 kwa fedha za Marekani, na ndiyo ya kwanza kuunganisha Juba na mji mwingine. Kabla ya kuijenga ilibidi kwanza mabomu ya kutegwa yateguliwe. Hadi leo kanuni ya mwendesha baiskeli ni moja: usiiache barabara, hata kwa haja ndogo, hata kivuli kikuite vipi. Pumzika penye watu, kama Nesitu au Moli, mbele ya mama muuza chai, umsalimie kwanza kabla ya kuomba kiti.

Kiswahili kinakusaidia njiani kuliko unavyodhani. Shehena nyingi ya Juba hutoka Mombasa, na madereva wa malori hupiga honi, husimama, huuliza kama una maji. Wao wanaijua njia kwa uchungu. Mwaka 2021 waligoma kule Elegu, upande wa Uganda wa mpaka, baada ya wenzao kuuawa kwa kuviziwa katika barabara za Sudan Kusini, na Agosti mwaka huohuo watawa wawili wa Kikatoliki waliuawa kwenye barabara hiihii ya Nimule. Wakati kama huo malori huenda kwa msafara wenye askari. Baiskeli haina msafara. Haiwezi kukimbia wala kujificha. Ndiyo maana mimi siamini tangazo lolote kwamba njia imetulia mpaka niambiwe watu wa makaa wameonekana wakitoka mbali zaidi ya jana. Kama hawapo, ahirisha safari, hata kama tairi zimeshajazwa upepo.

Kusini mwa Pageri vilima vinaongezeka, barabara inavuka mto Aswa, na jioni Nimule inaonekana, foleni ya malori kwanza. Hapa ndipo Nile inapoingia Sudan Kusini kutoka Uganda. Mpakani utagongewa mihuri miwili. Kisha kumbuka jambo ambalo uchovu husahaulisha: Sudan Kusini hupita kulia, Uganda hupita kushoto. Hamia upande wa pili kabla lori la kwanza la Elegu halijakukuta, kwa kuwa mbele bado kuna zaidi ya kilomita mia moja hadi Gulu.