Kupima Imani: Wazazi na Chanjo ya Saratani ya Mlango wa Kizazi

Joto la maji hupimwa kwa kipimajoto, na uzito wa mahindi kwa mizani. Je, imani ya mzazi juu ya chanjo hupimwa kwa chombo gani?

Swali hili si la mchezo. Karibu kila saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi viitwavyo HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, huleta kiasi cha asilimia 70 ya saratani hiyo. Chanjo yake ilianza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Lakini chanjo haimkingi msichana ambaye mzazi wake ameikataa. Watafiti waliowahoji wananchi wa Mwanza, kabla ya chanjo hiyo kujaribiwa katika shule za huko mwaka 2010, walikuta kuwa wengi waliikubali, ila baadhi walihofu kuwa italeta utasa.

Katika miaka ya 1950, wanasaikolojia wa idara ya afya ya Marekani walichunguza kwa nini watu wengi hawakwenda kupimwa kifua kikuu. Walieleza kuwa mtu hujiuliza mambo manne: Ugonjwa huu waweza kunipata? Madhara yake ni makubwa kiasi gani? Kinga ina faida gani? Vikwazo vyake ni vipi?

Kila jambo hutungiwa sentensi kadhaa. Anayehojiwa huchagua jibu kati ya matano, tangu "nakataa kabisa", alama 1, hadi "nakubali kabisa", alama 5. Njia hii ilielezwa na Rensis Likert mwaka 1932.

Tuseme hojaji hiyo inapelekwa Nambis, wilayani Mbulu. Ikiwa sentensi zote zinaisifu chanjo, mwenyeji aweza kumwitikia mgeni kwa adabu tu. Kwa hiyo baadhi hugeuzwa, kwa mfano: "Chanjo hii hudhuru uzazi." Anayeikubali kabisa hapewi 5, bali 6 kutoa 5, yaani 1. Tena, mzazi aliyezoea kufikiri kwa Kiiraqw huulizwa kwa Kiiraqw. Mtu mmoja hutafsiri hojaji. Mwingine, asiyeiona ya awali, huirudisha katika Kiswahili. Maana zikiachana, sentensi hutungwa upya.

Uangalifu huu una sababu. Hofu ya utasa huhitaji maelezo ya mganga anayeaminiwa. Umbali wa zahanati huhitaji wahudumu waende shuleni. Kutokuwa na habari huhitaji mkutano wa wazazi. Kipimo kinachoyachanganya matatu haya hupeleka dawa pasipo na ugonjwa, na msichana hubaki bila kinga.

Walimu waweza kuwapa wanafunzi zoezi: kila mmoja atunge sentensi mbili kwa kila jambo kati ya yale manne, kisha darasa lijadili ni ipi inayoweza kueleweka kwa maana mbili.